Neno Lililogeuka Nyota

Bungu, 3 Mei 2024

Mjukuu wangu Sabra,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, ila goti langu la kushoto linanisumbua. Wewe na wenzako hamjambo?

Mama yako ananiambia umesusa mashindano ya gemu, nawe umebakiza mechi moja ya Ijumaa ijayo uiwakilishe nchi. Mtoto hususa wali akinyimwa mnofu. Mtu mzima hugoma, tena hutaja anachokidai. Wewe unadai nini? Nijibu, kisha rudi ukacheze.

Bibi yako,
Sihaba

Dar es Salaam, 6 Mei 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mimi sijambo, ingawa silali vizuri.

Sikususa, Bibi. Nimesusia. Bingwa wa mwaka jana alipohojiwa baada ya kushinda aliomba wafungwa wa nchini kwao waachiwe, watu waliofungwa kwa kuandika tu. Kampuni yenye gemu inaogopa kufukuzwa katika soko la nchi ile, ikamvua ubingwa na kumfungia. Siku hizi ukiandika “waachieni” ndani ya gemu, hata kwa Kiswahili, neno linageuka nyota. Wachezaji tumeapa kutocheza mpaka arudishiwe ubingwa wake. Nafasi yangu inapotea Ijumaa. Nimeililia, lakini sirudi.

Ukinibishia, nenda Kibiti kwenye banda la gemu la binamu Hemedy, ukajionee.

Mke mwenzako,
Sabra

Bungu, 9 Mei 2024

Mjukuu wangu Sabra,

Marahaba. Natumaini sasa unalala.

Jana nilikwenda. Hemedy akasema, “Bibi, humu watu watadhani umekuja kutukamata.” Nikamwambia alete kiti, aandike. Akaandika “Waachieni huru.” Zikatokea nyota, kama zile za kuulizia salio. Nikadhani amekosea tahajia, nikaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Nyota. Mimi nimefuta maneno ya wanafunzi kwa wino mwekundu maisha yangu yote, lakini nililolifuta lilibaki linasomeka.

Nikamwambia, “Andika kwa lugha yetu, Kindengereko.” Vijana wakacheka. Akaandika, na maneno yakabaki.

Mchezaji fulani mle ndani ya gemu, sijui wa wapi, aliyekuwa ameziona nyota zetu, akaandika kwa lugha ya kwao. Mwingine naye kwa yake. Mistari ikaja mpaka kioo kikajaa, na wapiganaji wote waliomo wakaweka silaha chini, wakatulia. Sikuijua hata lugha moja, lakini kila mstari niliuelewa. Nilijikuta nimesimama, na banda zima limesimama nami.

Kisha Hemedy akaizima gemu ile, akawaambia wateja wake haitawashwa tena.

Usirudi kucheza. Barua hii nampa kondakta leo. Mimi nitafuata kwa basi la kesho alfajiri. Saa ambayo ungekuwa unacheza, tutakuwa tumekaa pamoja.

Bibi yako,
Sihaba