Shokapu za Mbele na Mgongo wa Mama

Nyumbani, banda la nyuma
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona? Usiichezee baridi ya huko. Vaa sweta hata kama wenzako wanakucheka. Sisi huku ni wazima, na mimi nimezidi: tangu jana siwezi hata kutulia kitini.

Kaka, gari letu limetembea! Lile lile gofu la pikapu uliloliacha juu ya matofali, ukanikabidhi spana zako na kuniambia nisilale. Nimelipunguza paa, nimelishusha chini, injini iko wazi kabisa bila boneti, na rangi ni nyekundu ya kuchokoza watu. Majirani wanaacha kufua ili walitazame. Viti ni viwili tu, na kile cha abiria ni chako, kama nilivyokuahidi.

Kilichonitoa jasho ni shokapu za mbele, maana ndizo za kumeza matuta. Unajua Mama, tangu lile lori alilopanda limrushe kwenye tuta akaumia mgongo, miaka miwili hajapanda gari. Mama Mkubwa naye yuko upande wa pili wa mji na miguu haimbebi tena, kwa hiyo ndugu hawa wawili wamebaki kusikilizana kwenye simu. Nilipomwambia Mama nitampeleka, alinijibu, "Hilo dude lako likinipiga mgongo mara moja tu, nashuka, na usiniite tena." Nikajua sina nafasi ya kukosea.

Na nikakosea! Shokapu hupimwa gari likiwa limebeba uzito wake, na injini ilikuwa bado kwa fundi. Basi nikawakalisha Mjomba na mkewe kwenye chesisi, mahali pa injini. Nikapima, nikanunua. Injini ilipofungwa, pua ya gari ikazama na shokapu zikabanwa karibu na mwisho. Kwenye tuta la kwanza chuma kiligonga chuma, meno yakaniuma. Kumbe Mjomba, kwa kuogopa kuvunja chesisi, alikuwa amekanyaga chini kwa mguu mmoja muda wote! Mkewe anasema alibeba mzigo peke yake, kama kawaida ya ndoa yao.

Nikapima upya. Muuza vipuri akazipigia debe shokapu ngumu za lori, mpya, zinang'aa, na nusura anipate. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gari letu ni jepesi kuliko lori, zile zingelirusha kama mpira. Nikachagua za gari dogo, kuukuu, zina kutu kidogo. Nilizikandamiza kwa mkono: zinashuka taratibu, zinarudi taratibu. Nilizipenda hapo hapo.

Jana Mama akapanda, na mito miwili na dua zake zote. Njiani kuna matuta kumi na moja. La kwanza alinifinya mkono, bado una alama. La tatu akaniachia. La sita akautoa mto mgongoni, akaupakata, akaanza kuwapungia watu mkono kama bibi harusi.

Tukafika, Kaka, Mama na Mama Mkubwa wakakutana mlangoni. Walishikana tu, wakatikisika. Mimi nilijifanya nakagua tairi, huku nalia kama mtoto.

Mjomba na mkewe wanakusalimu sana. Mama Mkubwa anakuombea kila siku, na anasema umenenepa kwenye picha. Mungu akufunike, akupe riziki ya halali na akurudishe kwetu salama.

Mama hana salamu, ana ujumbe. Alinipa jana wakati wa kurudi, ameushika mlango wa gari kwa mikono miwili, nami nauandika kama alivyousema: "Mwambie kaka yako akija apande basi. Kiti hiki kimepata mwenyewe."

Nisamehe ahadi yangu, Kaka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye kuliko injini,
Spana