Siagi ya Mama Yako

Nyakakika, Novemba 1991

Baba Karekezi mpenzi,

Hatujambo, mtoto ameota jino. Likizo iliyopita uliposema nanuka zizi, nililia jikoni. Kisha ukanitumia mafuta ya chupa kutoka Mwanza. Asante, yananukia vizuri, ila siyapaki tena. Sista Therese wa zahanati anasema viwandani huyajaribu kwanza machoni mwa sungura, na wengine hupofuka. Sitaki urembo wa hivyo.

Nimerudia siagi, ile mama yako aliyonipaka nilipokuwa bibi harusi, akanifukiza kwa majani yenye harufu. Unakumbuka uliponinong'oneza, “Wewe, nitautafuna mkono huu”?

Krismasi nitakupokea mlangoni nikinukia hivyo hivyo. Ukigeuza uso, nitajua kwako sasa ni Mwanza.

Akupendaye bado,
Uwimbabazi