Nusu Saa ya Jumamosi

Buyenzi, Bujumbura

Mwanangu Yasmina,

Asalaam aleikum. Khadidja wa jirani anakuja huko Lyon, nimempa ndagala kavu, dagaa wetu wa ziwani, uzikaange na pilipili. Gatumba maji yameingia tena majumbani. Mi mzima, ila nakunywa uji tu.

Baada ya Ramadhani jino liliniuma, nikaenda kuling'oa. Daktari wa meno sikumwambia kwamba nameza dawa ya mifupa unayonitumia kwa ajili ya nyonga yangu. Niliona jino na nyonga vitajuana wapi? Kidonda kikakataa kupona. Dokta mwingine akanieleza kwamba dawa ile inazuia mfupa usiliwe, lakini huenda inadhoofisha pia vimishipa vidogo vya damu vinavyoulisha. "Mama Yasmina," akasema, "taya lako lina njaa. Dawa tuisimamishe kwanza."

Ni miezi mitatu sasa siimezi, nami nimekuficha. Karatasi ya dawa ilisema nimeze kidonge kimoja kwa wiki, na nikishameza nisilale, nikae wima nusu saa. Ndipo ukaanza kunipigia kila Jumamosi asubuhi, unizungumzishe nisisinzie. Zamani ulikuwa unapiga Idi kwa Idi. Ukiniuliza, "Mama, umemeza?" najibu nimemeza. Niliogopa dawa ikiisha, na simu nayo itaisha.

Vidonge kumi na viwili nimevifunga kando ya ndagala. Usinikasirikie.

Jumamosi nitakaa kwenye kiti kama kawaida, wima, simu mapajani.

Mama yako,
Mwanasiti