Dau la Kengele ya Beryl

Rafiki yangu Raelene, nakuandikia haraka: mkaguzi wa serikali kaja leo bila taarifa. Na kibali cha nyumba yetu ya wazee kinaisha Ijumaa.

Nikamwonyesha daftari langu la meneja: mzee akibonyeza kengele, muuguzi hufika kwa dakika tatu. Kila siku, tatu.

Bibi Beryl, wa miaka tisini na moja, akacheka. "Tatu! Mwanangu mkaguzi, chagua namba ucheze nasi." Akabonyeza.

Wazee wanawekeana dau muuguzi atafika dakika ya ngapi, Raelene! Dau la keki za lamingtoni! Na mkaguzi akachagua! "Nne," akasema.

Dakika ya nne ikapita. Ya sita, muuguzi Tevita akaja mbio. Mzee Merv akamzibia njia kwa kigari chake cha kutembelea: "Taratibu, bwana! Mimi nimeweka dau nane!"

Beryl akatoa karatasi za miezi mitano, kila kengele na dakika zake. Wastani ni tisa.

Mkaguzi akalifunga daftari langu. "Nachukua zako, Bibi."

Atapendekeza kibali kiongezwe miezi mitatu tujirekebishe.

"Na wewe, meneja," Beryl akaniuliza, "dau la Jumatatu unachagua ngapi?"

Nikasema tatu. Kisha nikapiga simu makao makuu kuomba muuguzi wa pili.