Akianza Kufuta Meza

2 Machi

Wifi yangu,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Magoti je? Na hao watoto wa bweni bado wanalalamikia maharage yako? Waambie waje kwangu wale uzi wa cherehani. Sisi huku tuko nusu wazima. Mtoto analala kwa jirani tangu juzi, nitakueleza kwa nini. Barua hii nampa dereva wa lori la viazi, maana simu sina, kaka yako kaipiga ukutani. Akiniona nimeishika anasema naongea na wanaume.

Wifi, sitazunguka mbuyu. Tangu wale majambazi wampige nondo ya kichwa pale buchani, mwaka umepita. Kovu limefunga vizuri. Watu wakikutana naye barabarani wananiambia, "Hongera, mzee amepona." Mimi ndiye ninayelala naye. Jumatatu nilikuwa nashona sare za shule, akaniambia zima hiyo mashine. Nikamwambia, namalizia pindo. Alinishika kisogo akanigonga uso kwenye cherehani, akarudia, akarudia tena, na sindano ikanipita kidole ikatokea upande wa pili. Mtoto alipopiga yowe akamgeukia yeye, na pasi ya moto iko mkononi. Nilimng'ata, wifi. Nilimng'ata mume wangu mkono mpaka akaiachia. Baadaye akaniuliza mbona natoka damu, akaenda kunichemshia chai.

Sasa sikiliza. Kuna kituo hapa mjini cha watu walioumia ubongo na familia zao. Naenda kila Jumamosi, tunakaa duara, tunaongea. Yuko mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori, kila wiki anajitambulisha upya na kila wiki ananichumbia. Nimeshamkubali mara kadhaa. Cheka tu, na mimi hucheka kule, kwingine sijacheka mwaka mzima. Wanatufundisha kwamba kelele kwake ni kama kutiwa chumvi kwenye kidonda, kwamba usibishane naye, kwamba visu vyake uvifiche, kwamba ukae kiti cha karibu na mlango. Wana pia nyumba ya kulala, mtu anakaa miezi sita anafundishwa upya kuishi na wenzake. Nafasi moja ipo. Ila sharti lao ni moja: hawampokei mtu mwenye ndugu mmoja. Wanataka ndugu wawili waje Jumamosi wafundishwe, kwa sababu akirudi nyumbani mtu mmoja hamuwezi. Atachoka, au atauawa. Ndivyo walivyosema, bila kumung'unya maneno.

Kaka yako ana mimi na wewe, basi. Nafasi wanatushikia mpaka mwisho wa Aprili. Njoo, nakuomba, niko chini ya miguu yako.

Wifi yako


9 Machi

Wifi,

Salamu zako zimefika. Magoti yanauma, asante kwa kuuliza. Barua yako nimeisomea jikoni, nikaunguza sufuria nzima ya maharage, na watoto hawakuona tofauti.

Ati atauawa! Auawe nani, na nani? Huyo kaka yangu alipokuwa mdogo kuku akichinjwa yeye analia mpaka anatapika. Siku aliyosema anafungua bucha tulicheka ukoo mzima. Nimembeba mgongoni huyo, nimemfundisha kufunga kamba za viatu. Leo nije niambiwe ni mnyama? Mtu kapigwa nondo, anataka utulivu, wewe unamtwangia cherehani masikioni halafu unashangaa! Umemfichia visu vyake, umemkalisha kama gunia, na sasa unataka umfungie kwenye nyumba ya vichaa ili wewe upumue.

Na mimi ndiyo nije nikae duara na wendawazimu, nifundishwe kukaa karibu na mlango mbele ya ndugu yangu, kama mwizi anayetafuta pa kutokea. Thubutu! Kituo siji. Nakuja kumchukua. Atakaa kwangu, atashika kisu chake, atakula ashibe, atapona. Damu nzito kuliko maji.

Wifi yako, dada yake wa tumbo moja


17 Machi

Wifi,

Natumaini mlifika salama na basi halikuwasumbua. Mimi mzima. Jicho linaanza kufunguka.

Tukizungumzia jicho. Siku uliyokuja kumchukua, uliponiuliza pale mlangoni, majirani wamejaa, nikakujibu nimeanguka, ni kwa sababu yeye alikuwa amesimama nyuma yako. Wewe ukacheka, ukasema, "Unaanguka mara ngapi kwa wiki, wifi, una kifafa?" Majirani nao wakacheka. Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine naitunza.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku za mwanzo atakuwa mtu mzuri sana. Kwa mgeni anajikaza, na pale kwako bado anajiona mgeni. Usidanganyike. Redio usiweke juu. Watu usijaze nyumba. Kama amechoka mwache alale hata mchana kutwa. Ile mifuko ya visu uliyoibeba kwa mbwembwe, na lile shoka la nyama, fungia kabatini na ufunguo utembee nao. Dawa ni asubuhi na jioni.

Mtoto anamuulizia baba yake. Anauliza kwa sauti ya chini huku anaangalia mlango. Nafasi kituoni bado ipo, wifi. Hatujachelewa.

Wifi yako


5 Aprili

Wifi mpendwa,

Leo nakuita mpendwa kwa sababu nina furaha na nina huruma juu yako. Hujambo? Mtoto hajambo? Mwambie baba yake anampa salamu, na anamnenepea huku, suruali inagoma kufunga.

Nilikwambia! Wiki ya tatu hii na hajanyanyua hata sauti. Kila asubuhi nampa nyama ya shule anikatie, na mikono ile haijasahau kitu. Mfupa anaugonga mara moja tu unaachia. Wapishi wenzangu wanakuja dirishani kumtazama. Mmoja ambaye hajaolewa anakuja mara nyingi kuliko wengine, nakuonya mapema.

Na usafi wake! Wewe ulisema hasaidii kazi. Siku hizi tukimaliza kula anaifuta meza kwa kiganja, anafuta, anafuta, hata ikiwa kavu, vile alivyokuwa akifuta gogo lake pale buchani. Juzi jirani alikaa hapa anapayuka masaa, kaka kimya, yeye na meza yake tu. Mwishowe akatoka zake nje akaenda kupasua kuni mpaka giza. Meza yangu sasa inang'aa kuliko ya mwalimu mkuu.

Jumapili nafanya karamu ndogo. Nimenunua mbuzi mzima, namwalika jiko lote la shule, tumshukuru Mungu kwa kupona kwake. Ungekuwa na moyo ungekuja.

Wifi yako


10 Aprili

Wifi,

Leo sikusalimu. Barua yako nimeipata sasa hivi, dereva ananisubiri na injini inanguruma.

Akianza kufuta meza, toka. Usimalize neno ulilokuwa unasema, usitafute viatu, toka nje na kila mtu aliyemo. Alifuta hivyohivyo meza ya cherehani siku ile. Alifuta hivyo kabla ya kunikaba mwaka jana, sikukwambia hata hilo. Sikukuandikia habari za kufuta kwa sababu sizifikirii tena. Nikiuona mkono wake unaanza, miguu yangu inaondoka yenyewe. Kama juzi alitoka nje akapasua kuni, basi Mungu alikuwa amekaa mlangoni kwako, wifi, na hatakaa hapo kila siku.

Karamu iache. Mbuzi mgawie hata mbwa. Nakuomba kwa jina la mama yenu.

Wifi yako


24 Aprili

Wifi yangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, uvumilie. Wa kulia uko kwenye plasta. Taya wameifunga kwa waya, nanyonya uji kwa mrija kama mtoto mchanga. Ulinitaka nisimalize neno, sasa hata kulianza siwezi.

Barua yako ilifika Jumapili ileile asubuhi. Nilikuwa nimeloa damu ya mbuzi mpaka viwiko, nikamwambia jirani aiweke juu ya friji, nitaisoma watu wakishakula. Nilidhani umeniandikia kunisema tu.

Walikuja wote wa jikoni, na redio yao, na vicheko vyao. Yeye amesimama mezani anakata paja, tunamshangilia. Akaweka shoka chini. Akaanza kufuta. Mimi nikapaza sauti, "Mwoneni kaka yangu alivyo msafi!" Wakampigia makofi. Nikaenda kumkumbatia.

Alinipiga kwa upande butu wa shoka. Taya ilivunjika, nikaisikia kwa ndani, sikioni. Nikaanguka, akanifuata chini, akanipiga begani na mbavuni. Yule mwenzangu ambaye hajaolewa alimdaka mkono, na shoka likageuka upande wenye makali. Vidole vyake viwili vilibaki pale mezani, wifi, kwenye meza yangu inayong'aa. Na muda wote huo hakupiga kelele. Alikuwa anasema, "Zimeni. Zimeni. Zimeni." Kama anatuomba.

Wanaume wa mtaa wakaingia na marungu na mchi. Wakamburuta mpaka barabarani. "Kichaa huyo! Mmalizeni!" Nilitambaa kwa tumbo nikamlalia juu. Mkono huu hakuuvunja kaka. Umevunjwa na jirani yangu, yuleyule ninayempa chumvi kila jioni, alikuwa anamlenga yeye. Mchi mmoja ulimpata upande uleule wa kovu, damu ikaniingia mdomoni na sikujua ni yake au yangu. Pale chini nikakumbuka uliyoandika juu ya kelele. Nikamwekea kiganja sikioni, nikamzibia, nikamkumbatia kichwa. Akaacha kujitupa. Wakaona aibu kumpiga mtu aliyelala kimya, wakaacha.

Yuko wodi ya wanaume. Anaongea kwa kuburuta, mguu mmoja haumsikii, na amefungwa pingu kwenye kitanda, askari yuko mlangoni. Jana walinisukuma kwa kiti cha magurudumu nikamwone. Alinitazama usoni, machozi yakamtiririka. Akasema, "Dada, nani kakufanya hivi? Nionyeshe huyo mtu. Nitamchinja."

Nikamwambia, kwa meno haya yaliyofungwa, "Nimeanguka."

Lilinitoka lenyewe. Nilirudi kitandani nikalia mpaka muuguzi akaogopa waya zitakatika. Nilikucheka mlangoni kwako mbele ya watu. Ile nusu uliyoitunza, itunze tu, ni haki yako. Ila nijibu haraka: ile nafasi bado ipo? Askari wanataka nikamshtaki. Nimewaambia wangoje. Mimi Jumamosi nakuja, hata kwa machela.

Wifi yako


27 Aprili

Wifi yangu,

Pole. Pole sana. Nimesoma nikalia, nikakutukana, nikalia tena. Mtoto ameniuliza kama shangazi amekufa, nikamwambia hajafa, shangazi ana kichwa kigumu.

Mshauri wa kituo amepanda basi leo asubuhi kuja huko. Ataongea na polisi na daktari, na atakaa na yule mwenzako wa vidole na familia yake, kwa sababu hata hao sasa ni wetu. Yeye akitaka kushtaki ashtaki, ni haki yake, nami nitamsikiliza chochote atakachonitamkia. Kuhusu kaka yako hawajaniahidi kitu. Hawakuniahidi hata mwanzo kwamba nitarudishiwa mume niliyeolewa naye. Wamesema tu kwamba nafasi ni yake, na kama polisi watamwachia akiwa na pingu, watampokea na pingu zake. Wanachongoja ni ndugu wa pili.

Nauli yako nimempa mshauri, atakukatia viti viwili vya basi ili uweze kunyoosha mwili. Uji wa mrija nitakupikia mimi, mtoto atakulisha. Yule mzee dereva nimemwambia wifi yangu anakuja, amefurahi sana, atakuchumbia. Mkubalie, usibishane.

Viti vya karibu na mlango ni viwili. Nitawahi mapema nivishike vyote.

Wifi yako