Herufi za Baba Zilizotupwa na Kontena

Chumba cha Kusahihishia,
Kiwanda cha Chapa cha Familia,
Nyuma ya Hospitali Kuu.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Nianze kwa kukuomba radhi. Barua yako ilinifikia zamani, nikaiweka mezani ili niijibu kwa utulivu, na utulivu wenyewe haukupatikana. Usidhani nimekusahau. Nilikuwa na hasira, nami sipendi kumwandikia mtu nikiwa na hasira. Haijaisha, ila nimechoka kuingoja iishe.

U hali gani? Goti lako limepona, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Mumeo ameachana na kazi za zamu? Nasikia mapacha wameanza kuvaa viatu vyako. Waambie mjomba wao anauliza kama na akili nayo imeongezeka saizi. Sisi huku tu wazima. Mgongo hunisumbua nikiinama, kwa hiyo siinami.

Sasa habari. Mpwa wetu, mtoto wa dada, yule aitwaye Mtaalamu (jina alilojipa mwenyewe, nasi tukachelewa kumpinga), ametuhamishia kazi zote kwenye seva, kompyuta inayovuma kama jokofu bovu katika stoo ya karatasi. Humo ameweka programu ya ofisi ambayo kila mtu huifungua kwa kivinjari, mezani pake. Programu hiyo inakaa ndani ya kitu wanachokiita kontena. Si la bandarini. Ni kisanduku ndani ya kompyuta, chenye programu na vyombo vyake vyote, kisichojua lolote lililo nje yake. Wazo si baya. Ubaya uko katika kichwa kilicholidaka.

Herufi zetu unazijua kuliko mtu yeyote. Baba alizichora kwa mkono, wewe ukazigeuza fonti mbili za kompyuta kabla hujaondoka, nyembamba na nzito. Kila cheti kinachotoka hapa huzivaa, na wateja hututambua kwazo. Kontena, kwa kuwa halioni nje, halikuzijua. Mtaalamu akaziingiza ndani yake kwa mkono, zikaonekana, akashinda siku nzima akitembea kifua mbele kama jogoo anayedhani jua humsubiri yeye.

Kisha akaisasisha programu. Kusasisha kontena, mdogo wangu, ni kulitupa la zamani na kuunda jipya, na kilichotiwa ndani kwa mkono huenda na la zamani. Fonti zikatupwa. Lakini kivinjari chake kilikuwa bado kinazikumbuka, kwa hiyo kwenye skrini yake ziliendelea kuonekana. Mashine ya kuchapa hupokea kazi kutoka kwenye kontena, si kutoka machoni mwa Mtaalamu. Kontena likajichagulia herufi nyingine, pana, zisizo na haya.

Utaratibu wetu tangu enzi za Baba unaujua: kazi haitoki kabla sijaishika karatasi ya majaribio mkononi na kuitia sahihi. Mtaalamu aliuona ni ushamba. Siku hiyo nilikuwa kwa daktari wa mgongo, akanipigia simu.

"Mjomba, ya nini kupoteza karatasi? Mimi nimeshaiona kwenye skrini."

Nilimwambia anisubiri. Hakusubiri. Vyeti vya chuo cha wauguzi vikachapwa, vikafungwa, vikapelekwa.

Mkuu wa chuo, ambaye niliwahi kumfundisha, alivifungua wahitimu wakiwa wamekwisha kuketi ukumbini na majoho yao. Majina marefu yalikuwa yamekatika ukingoni. Mstari wa sahihi yake ulikuwa umesukumwa ukurasa wa pili, umekaa peke yake. Alinipigia bila salamu. "Mwalimu, hivi ni vyeti au ni vipeperushi?" Wauguzi wale walipewa mkono na makofi, wakarudi kwao mikono mitupu.

Nilimwita Mtaalamu.

"Mjomba, ni kawaida tu. Teknolojia ina mambo yake."

"Teknolojia haina mambo. Mwenye mambo ni wewe. Hukusoma maelekezo?"

"Marefu yale, Mjomba! Nani anayasoma?"

Nimeyasoma mimi, kwa kikombe kimoja cha chai. Folda ya fonti hukaa nje, kwenye seva yenyewe, na kontena huunganishwa nayo kila linapoundwa. Kisha programu huamriwa itengeneze upya orodha ya fonti zake, na kila mtu husafisha kumbukumbu ya kivinjari chake. Basi. Nilipomsomea, alinikodolea macho kana kwamba nimeanza kuota pembe.

Nikamwambia alete fonti tuziweke. Hapo ndipo alipoanza kutafuna maneno. Kumbe alikwisha kuzifuta katika kompyuta zetu zote "kupunguza uchafu", maana si zimo kontenani? Nyembamba tumeiokota kwenye kompyuta ya mapokezi, ambayo uvivu wake ulimfanya asiifikie. Nzito haipo popote. Na michoro ya Baba ililiwa na mchwa, hilo unalijua.

Badala ya kuona aibu, shemeji yetu mhasibu akamkingia mwanawe kifua. "Herufi ni herufi, Mwalimu. Za bure zimejaa tele." Nikamwambia, "Na nyumba ni nyumba, shemeji, lakini sijakuona ukilala kwa jirani." Dada alicheka hadi akashika meza. Shemeji mwenyewe hakucheka. Anataka tuziache herufi za Baba, na mwanawe aendelee kushika seva.

Kikao ni Jumamosi ijayo. Wenye neno ni watoto wa Baba: dada, mimi na wewe. Dada anayumba, maana huyo ni mume na yule ni mwana. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Niandikie msimamo wako. Na utafute fonti nzito katika kompyuta yako ya zamani, hata kama imekwisha kuwa kiti cha paka. Ukiipata usimpelekee Mtaalamu, hata akikulilia. Nitumie mimi. Bila hiyo nitaketi kikaoni nikitetea kitu ambacho nusu yake haipo.

Dada anakusalimu. Fundi wa mashine anauliza utakuja lini. Mtaalamu pia ameniomba nikufikishie salamu "nyingi sana". Nimeziandika kwa kuwa ameomba, si kwa kuwa anastahili. Wabusu mapacha, na mumeo mpe heshima zangu. Mungu akulinde ugenini na akupe afya ya kututembelea.

Uamuzi ukishapitishwa, uwe upi, nitakuandikia jioni hiyo hiyo. Wakishinda wao, barua utaipata kwa mwandiko wa kalamu, si kwa herufi za Baba kama hii, maana neno langu sitalivisha herufi za bure.

Nduguyo asiyepungua kukupenda,
Kaka yako