Aliyemkuza Uwineza Ndiye Aliyemsemea

Mururu, Rusizi

Kwa shemeji yangu mpendwa, Mzee Gratien,

Amani ya Bwana iwe nawe hapo Kigali, pamoja na Maman Osée na batoto bote. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku tuko wazima. Mvua imenyesha vizuri, mihogo imeshika, nami nimenenepa kidogo. Majirani wanasema ni furaha, sikatai.

Uwineza wako anakusalimu. Yule mtoto, shemeji, hata nisipomsifu mimi, mawe ya Nzahaha yatamsifu. Anafundisha Kiingereza kule, na wanafunzi wake hata wakichunga mbuzi wanaongea Kiingereza, mpaka mbuzi wamechoka. Nilimzaa mimi huyo. Nasema tu.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa simu. Ulisema gusaba, siku ya watu wa Kayitare kuja kumposa Uwineza, isogezwe tena mpaka upate nafasi, kwa sababu baba yake, mdogo wako Gasana, ni marehemu, na wewe ndiye msemaji wa ukoo, mwenye authority. Ukaongeza kwamba tangu zamani mwanamke hasimami kumsemea binti mbele ya wageni. Hilo neno la Kiingereza ulilitamka kwa uzito sana. Sikulielewa, shule niliishia darasa la tano kule Bukavu. Lakini mwenye mtoto mwalimu hakosi jibu.

Jioni tukipukuchua maharage nikamuuliza. Akaniambia siku hizi maana yake ni haki ya kuamuru na kutiiwa. Tena ni wakubwa wa serikali. Tena ni mtu anayejua jambo hata neno lake likaaminiwa. Zamani Waingereza walipolipokea, waliita hivyo kitabu chenye neno la kumaliza ubishi. Walilitoa kwa Wafaransa, nao Wafaransa kwa Walatini. Hapo kwa Walatini ndipo nilipoacha maharage, maana alisema mzizi wake ni kukuza, kufanya kitu kiongezeke. Mwenye neno hilo alikuwa yule aliyeanzisha kitu kikakua.

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Basi tuulizane kwa upole, shemeji. Gasana alipofariki, Uwineza alikuwa bado anatambaa. Nani alimkuza? Nilipanda mpaka sokoni Kamembe na mihogo kichwani na yeye mgongoni. Surua ilipomshika, nilimlaza kifuani pangu mpaka akapona. Wewe ulileta blanketi, sijasahau, blanketi zuri sana. Lakini blanketi halikuzi mtoto.

Kwa hiyo nikwambie lililofanyika, ulisikie kwangu kabla ya kulisikia njiani. Gusaba imekwisha. Ilikuwa Jumamosi, na msemaji nilikuwa mimi. Watu wa Kayitare uliwaahirishia Pasaka, ukawaahirishia mavuno, na Uwineza alianza kulia chini chini akiogopa kwamba watachoka, wamtafutie kijana wao mwingine. Nikawaita.

Msemaji wao, Mzee Habumugisha wa Gashonga, aliponiona nimesimama akawauliza wenzake kama wamepotea njia, maana hapa anasikia kuku jike anawika. Nikamjibu kwamba jogoo yuko Kigali anatafuta nafasi, na kuku huyu ndiye aliyelalia yai, basi mzee achague: amsikilize, au arudi Gashonga na pombe yake. Bantu bote walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka, akavua kofia. Nikawanyima binti kama desturi inavyotaka, nikasema humu hamna msichana, kuna maharage tu. Wakabembeleza, nikazidi kuwanyima, maana nilikuwa naona utamu. Mwisho nikamtoa, na Uwineza akatoka ndani akiwa amenyooka kama mnara. Ng'ombe wao nimempokea, ana mimba.

Usinikasirikie. Au kasirika, lakini ukasirikie hapa, ukiwa umeshiba. Harusi ya kanisani ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Kiti chako kiko mbele, karibu na changu, hakuna atakayekikalia. Ukitaka kutoa neno la baraka, niombe. Nitakupa.

Msalimie sana Maman Osée. Kitenge chake cha sare nimeshakikata. Mungu awalinde mpaka tuonane macho kwa macho.

Ni mimi shemeji yako,
Mukeshimana, Maman Uwineza